Maswali na Majibu: Vinasaba Vyako na Dawa Unayomeza

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinazunguka jambo moja: dawa ileile, dozi ileile, mmoja inamponya na mwingine inamlaza kitandani. Tumezijibu tukianza na ile iliyoulizwa na wengi. Angalizo moja tu kabla hujaendelea: usiache wala kupunguza dawa kwa sababu ya ulichosoma hapa bila kuzungumza na anayekutibu.

SWALI: Mimi na dada yangu tulifanyiwa upasuaji wa aina moja, kila mmoja akapewa kodeini ya miligramu 30. Yeye alisinzia mchana kutwa. Mimi nilikuwa kama niliyemeza unga. Je, nilipewa dawa feki?

JIBU: Inawezekana kabisa kwamba dawa haikuwa na kasoro yoyote. Kodeini yenyewe haina nguvu kubwa ya kutuliza maumivu. Kinachotuliza ni mofini, na mofini hiyo hutengenezwa na ini lako baada ya kumeza kidonge. Takriban sehemu moja kati ya kumi ya kodeini hugeuzwa kuwa mofini na kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, ambacho maelekezo ya kukitengeneza yamo kwenye jeni yenye jina hilohilo. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Wako watu ambao nakala zao zote mbili hazifanyi kazi. Kodeini inapita mwilini mwao bila kugeuka kuwa mofini, na maumivu yanabaki palepale. Miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya, kundi hili ni kati ya asilimia 5 na 10. Wako wengine ambao jeni hiyo imejirudia, wana nakala tatu au zaidi zinazofanya kazi. Hao hugeuza kodeini kwa kasi mno na kujikuta na mofini nyingi kuliko daktari alivyokusudia. Uchunguzi uliofanywa kwa Waethiopia miaka ya 1990 ulikuta nakala za ziada kwa karibu asilimia 29 ya waliopimwa, kiwango kikubwa sana ukilinganisha na sehemu nyingi za dunia.

Kundi la pili ndilo la kuogopwa. Watoto waliotolewa mafindofindo na kupewa kodeini walikufa kwa kushindwa kupumua, baadhi yao wakiwa wamepewa dozi ya kawaida kabisa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali, na mwaka 2017 ikakataza kodeini na tramadoli kwa watoto walio chini ya miaka 12, ikataka pia mama anayenyonyesha asizitumie. Tramadoli imeingia hapo kwa sababu nayo hutegemea kimeng'enya hichohicho ili ipate nguvu yake kamili. Kwa hiyo ukiambiwa "kodeini imekushinda, jaribu tramadoli", shida inaweza kuwa ileile.

Kabla ya kulaumu jeni, angalia dawa nyingine unazomeza. Paroksetini na fluoksetini, ambazo hutumika kutibu sonona, huziba CYP2D6 kiasi kwamba mtu aliyezaliwa na jeni nzima hufanana na yule ambaye hana kabisa. Hali hii haionekani kwenye kipimo cha jeni. Inaonekana kwenye orodha ya dawa zako, na ndiyo maana mfamasia anakuuliza unatumia nini kingine.

Cha kufanya: mwambie daktari wazi kwamba kodeini haikukusaidia, na aandike kwenye faili lako. Usiongeze vidonge mwenyewe. Parasetamoli na ibuprofeni hazipiti njia hii. Mofini ikihitajika, hutolewa ikiwa tayari ni mofini, kwa hiyo haingoji CYP2D6 igeuze kitu. Naye dada yako akizidi kusinzia hadi asiamshike, pumzi zikawa chache, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya pini, hiyo ni dharura: akimbizwe hospitali, kuna dawa ya naloksoni inayoondoa athari hiyo kwa dakika chache.

SWALI: Nilipima jeni kwa kutuma mate. Cheti kinasema "CYP2D6 \*1/\*17, alama 1.5". Hizo nyota ni nini, na nimefaulu au nimefeli?

JIBU: Hakuna kufaulu wala kufeli. Nyota ni namba ya toleo la jeni. Ya kwako inasema nakala moja ni toleo namba 1, linalofanya kazi kikamilifu, na nyingine ni toleo namba 17, lililo dhaifu na linalopatikana zaidi kwa watu wa asili ya Afrika. Kila toleo hupewa alama, kisha zinajumlishwa: \*1 ina alama 1, \*17 ina nusu, \*10 (lililoenea Asia ya Mashariki) ina robo, \*4 ina sifuri, na \*5 maana yake ni kwamba jeni imefutika kabisa, nayo ni sifuri. Jumla ikiwa sifuri, mwili haugeuzi dawa kwa njia hii. Kuanzia 0.25 hadi 1 ni polepole. Kuanzia 1.25 hadi 2.25 ni kawaida. Ikizidi 2.25 ni kasi mno. Wewe una 1.5, uko kwenye kawaida.

Ila cheti hicho kina mitego miwili ambayo wauzaji wa vipimo hawapendi kuieleza. Wa kwanza ni hiyo \*1. Maabara nyingi hazisomi jeni yote, zinatafuta mabadiliko machache yaliyochaguliwa, na zisipoyaona zinaandika \*1. Kwa maneno mengine, \*1 mara nyingi humaanisha "hatukuona tulichokitafuta", na kama orodha yao ilitengenezwa kwa kuwapima Wazungu, toleo lisilo la kawaida kwao linaweza kupita bila kuonekana. Mtego wa pili ni idadi ya nakala. Mtu mwenye \*1 iliyojirudia mara mbili upande mmoja, na \*2 upande wa pili, ana alama 3, yaani ni wa kasi mno. Kipimo kisichohesabu nakala kitamsoma \*1/\*2, kimpe alama 2 na kumwita wa kawaida. Huyo ndiye hasa tuliyetaka kumlinda dhidi ya kodeini.

Iulize maabara mambo matatu: ni matoleo gani yalitafutwa, nakala zilihesabiwa au la, na maabara ina ithibati ya kutoa majibu ya tiba au ni ya burudani na kutafuta ukoo tu. Kama jibu la mwisho ni la burudani, lirudie kwenye maabara ya tiba kabla dozi haijaguswa. Na unapotuma mate, usile, usinywe, usivute sigara wala kutafuna chochote kwa nusu saa kabla. Sampuli iliyochanganyika na chakula hukataliwa mara kwa mara.

SWALI: Kituoni kwetu tunaanza kutoa primakwini ya siku 14 kwa wagonjwa wa malaria ya vivax, ile inayojificha kwenye ini na kurudi. Tumeagizwa kupima G6PD kwanza. Kwa nini, na majibu yake tunayasomaje? (Muuguzi)

JIBU: Hapa ndipo vinasaba na afya ya jamii vinapokutana kwa uwazi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

G6PD ni kimeng'enya kinachoilinda seli nyekundu ya damu dhidi ya kemikali zinazoiunguza. Seli nyingine za mwili zina njia za akiba. Seli nyekundu haina. Primakwini huzalisha kemikali za aina hiyo ndani ya damu, na mtu mwenye upungufu wa G6PD seli zake hupasuka. Jambo hili lilifumbuliwa Marekani mwaka 1956, wakati watafiti walipokuwa wakiuliza kwa nini primakwini inawaletea upungufu wa damu baadhi ya watu tu. Leo inakadiriwa zaidi ya watu milioni 400 duniani wana upungufu huo, wengi wao wakitoka maeneo yenye malaria au yaliyokuwa nayo, kwa kuwa jeni hiyo huwapa nafuu fulani dhidi ya ugonjwa.

Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja, basi ama ana upungufu ama hana. Mwanamke ana mbili, na kila seli yake hutumia moja tu, kwa hiyo mwanamke aliyerithi upungufu upande mmoja ana mchanganyiko: seli nyingine nzima, nyingine dhaifu. Kiwango chake kinaweza kuangukia popote, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 70 ya kawaida. Vipimo vya haraka vinavyojibu "ndiyo" au "hapana" hukamata walio chini ya asilimia 30 hivi. Mwanamke mwenye asilimia 45 atasomeka mzima. Mashine ndogo inayotoa namba, uniti kwa kila gramu ya himoglobini, ndiyo inayomwona.

Mkiwa na namba, zisomeni hivi. Asilimia 70 ya kawaida na kuendelea: primakwini ya siku 14 inafaa, na hata tafenokwini, dawa ya jamii hiyohiyo, ya dozi moja ya miligramu 300 kwa mtu mzima, pale inaporuhusiwa. Kati ya 30 na 70: primakwini ya siku 14 inawezekana mkimfuatilia kwa karibu, tafenokwini hapana kabisa, kwa sababu hukaa mwilini wiki kadhaa na ukishaimeza huwezi kuirudisha. Chini ya 30: dozi ya kila siku hapana. Badala yake kuna dozi ya mara moja kwa wiki, miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito kwa wiki 8, chini ya uangalizi wa daktari. Kwa mtu wa kilo 60, dozi ya kila siku ya miligramu 0.25 kwa kilo ni miligramu 15, na ile ya wiki ni miligramu 45. Andikeni hesabu hiyo ukutani, maana anayechanganya dozi ya wiki na ya siku atampa mgonjwa asiyeiweza mara tatu ya kiasi cha siku. Wajawazito, watoto chini ya miezi sita, na mama anayemnyonyesha mtoto wa umri huo hawapewi.

Makosa yanayotokea mara nyingi ni haya. Mgonjwa aliyetoka kupoteza damu kwa seli kupasuka hupimwa siku hiyohiyo na kuonekana mzima, kwa kuwa zile seli dhaifu zimekwisha kufa na zilizobaki ni changa zenye G6PD nyingi. Mrudieni baada ya miezi mitatu hivi. Vivyo hivyo kwa aliyeongezewa damu, mnapima damu ya mtu mwingine. Sampuli iliyoachwa juani hupoteza nguvu ya kimeng'enya, na asiye na upungufu akasomeka kuwa anao. Na kosa la upande wa pili: kumnyima mgonjwa wa malaria ya falsiparamu ile dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kilo, inayozuia kuambukiza mbu. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2012 kwamba dozi hiyo haihitaji kipimo cha G6PD.

Mwambieni kila mgonjwa aangalie mkojo wake. Ukigeuka rangi ya chai nzito, macho yakawa ya njano, au akaishiwa pumzi, aache dawa na arudi siku hiyohiyo. Kwa kawaida dalili huanza siku ya pili au ya tatu, na himoglobini hufikia chini kabisa karibu na siku ya saba, kwa hiyo kumpima siku ya kwanza na kumruhusu aende zake hakutoshi.

Kama mkubwa wenu anaona kipimo hiki ni usumbufu, mkumbusheni Lapdap. Ilikuwa dawa ya malaria ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, yenye dapsoni ndani yake, dawa ambayo nayo huziunguza seli nyekundu. Iliondolewa mwaka 2008 baada ya kuonekana inawapunguzia damu wenye upungufu wa G6PD, yaani watu wengi wa palepale ilipolengwa kutumika.

SWALI: Nilipimwa makohozi kwa mashine ya GeneXpert, nikaambiwa ni "kipimo cha vinasaba". Sasa hospitali inajua siri za ukoo wangu?

JIBU: La. Vinasaba vinavyosomwa ni vya bakteria wa kifua kikuu. Mashine hutafuta kipande cha jeni iitwayo rpoB, ambacho kikiwa na mabadiliko bakteria hawasikii rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Jibu hutoka chini ya saa mbili, wakati kuotesha bakteria maabara huchukua wiki. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwishoni mwa 2010. Kwenye kartriji ile, yaani kikasha kinachowekwa makohozi, hakuna linalosoma vinasaba vya mwili wako.

Hata hivyo vinasaba vyako vina lao katika tiba hiyohiyo. Isoniazidi, dawa nyingine ya kifua kikuu, huondolewa mwilini kwa msaada wa jeni iitwayo NAT2. Wenye NAT2 ya polepole hukaa na dawa nyingi kwa muda mrefu, na hao ndio wanaopata zaidi ganzi na kuchomwachomwa miguuni, na ini kuumia. Wachache sana hupimwa NAT2. Kinachofanyika kivitendo ni kuwapa vitamini B6 wale walio hatarini, kama wajawazito, wenye kisukari, wenye VVU na wenye lishe duni, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Ukiona miguu inakufa ganzi na hujapewa, uliza. Ukiona mkojo mweusi, kichefuchefu kisichoisha na macho ya njano, usisubiri tarehe ya kliniki.

SWALI: Nilipoanza dawa za kufubaza VVU zenye efavirenzi nilipata kizunguzungu na ndoto za kutisha kwa miezi. Mwenzangu hakupata lolote. Niliambiwa ni woga wangu.

JIBU: Haikuwa woga. Efavirenzi huvunjwavunjwa na kimeng'enya CYP2B6, na wenye nakala mbili za toleo la polepole hujikuta na kiwango cha dawa kwenye damu mara kadhaa zaidi ya wengine. Matoleo hayo ni ya kawaida sana Afrika kusini mwa Sahara. Zimbabwe, ambako karibu mtu mmoja kati ya watano ana nakala zote mbili, ilianza mwaka 2015 kuwapa watu wengi kidonge kimoja chenye efavirenzi ya miligramu 600, na malalamiko ya ndoto mbaya, huzuni na kuchanganyikiwa yakafuata. Kwa watu wa aina yako dozi ndogo ingetosha. Utafiti mkubwa wa 2014 ulikwisha onyesha kwamba hata kwa watu wa kawaida miligramu 400 zinafubaza virusi sawa na 600.

Leo swali hili limepungua uzito kwa sababu dolutegraviri ndiyo dawa ya kwanza inayopendekezwa tangu 2019. Kama bado uko kwenye efavirenzi na usiku wako ni mateso, omba kubadilishiwa. Usiruke dozi ili upate usingizi, maana hapo unawapa virusi nafasi ya kujifunza.

SWALI: Kwa nini serikali zisipime watu wote mara moja, au angalau kupima kwa kufuata kabila? (Mwanafunzi wa afya ya jamii)

JIBU: Anza na hilo la kabila, ndilo lenye hatari. HLA-B\*57:01 ni toleo la jeni linalomfanya mtu apate mzio mkali akitumia abakaviri, dawa ya VVU. Homa, vipele, kutapika, na akirudia dawa baada ya kuiacha anaweza kufa ndani ya saa chache. Takwimu za kimataifa za vinasaba hazikulikuta toleo hili kwa Wayoruba wa Nigeria, lakini kwa Wamasai wa Kenya lilizidi asilimia 10. Mwongozo unaosema "Waafrika hawalihitaji" ungewaacha Wamasai bila kinga. Kipimo chenyewe kimethibitika: utafiti wa 2008 uliohusisha wagonjwa 1,956 haukupata hata mzio mmoja uliothibitishwa kwa kipimo cha ngozi miongoni mwa waliopimwa jeni kwanza.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo ina funzo. Mwaka 2013 majaribio mawili makubwa ya kupanga dozi kwa kutumia jeni yalichapishwa pamoja. La Ulaya liliboresha muda ambao damu ilikuwa katika kiwango kinachotakiwa, kutoka asilimia 60 hadi 67. La Marekani halikusaidia kwa ujumla, na kwa wagonjwa weusi lilifanya vibaya zaidi kuliko kukisia kwa umri na uzito: asilimia 35 dhidi ya 43. Sababu moja inayoelezwa ni kwamba fomula ilihesabu \*2 na \*3 za jeni CYP2C9, na haikuhesabu \*5, \*6, \*8 na \*11, ambazo ndizo zinazopatikana kwa watu wa asili ya Afrika. Fomula iliwaona wa kawaida, ikawapa dozi isiyo yao. Nchi inayonunua vipimo vya jeni inapaswa kuuliza vimetengenezwa kwa vinasaba vya nani kabla ya kuuliza bei.

Kuhusu kupima wote: angalia mambo manne. Madhara ni makali kiasi gani? Toleo hatari limeenea kiasi gani kwa watu hao? Ipo dawa mbadala? Jibu linakuja kabla ya dozi ya kwanza? Mfano bora ni Taiwan. HLA-B\*15:02 huwafanya watumiaji wa kabamazepini, dawa ya kifafa, wababuke ngozi na utando wa mdomo na macho, hali inayoua. Watafiti waliwapima watu 4,877 waliotarajiwa kuanza dawa hiyo. Waliokuwa na toleo hilo, asilimia 7.7, walipewa dawa nyingine. Kwa uzoefu wa nyuma walitarajia wagonjwa kama kumi wa kubabuka. Hawakupata hata mmoja. Hesabu hiyohiyo ukiipeleka kwenye nchi ambayo toleo hilo ni nadra sana, utapima maelfu kwa maelfu usimwokoe yeyote.

Muda wa jibu huwa unasahaulika. Mtoto mchanga mwenye maambukizi anahitaji antibiotiki ya gentamisini ndani ya saa moja, na badiliko moja kwenye jeni MT-RNR1 linaweza kumfanya awe kiziwi kwa dawa hiyo. Kipimo cha kawaida cha siku tatu hakina maana hapo. Ndiyo maana huko Uingereza ilitengenezwa mashine inayosoma usufi uliopitishwa ndani ya shavu na kujibu kwa dakika 26.

Njia ya tatu, kati ya kupima wote na kutopima yeyote, ni kupima jeni kadhaa kwa pamoja mara moja na kuweka jibu kwenye faili. Utafiti uliofanyika nchi saba za Ulaya ukihusisha wagonjwa 6,944 na jeni 12, uliochapishwa 2023, ulipunguza madhara ya dawa kwa karibu asilimia 30. Tunaipenda njia hiyo, ila kwa sharti: kama faili haisomeki na daktari wa kituo kingine miaka mitano baadaye, pesa imetupwa.

SWALI: Mama yangu ataanza kapesitabini ya saratani ya utumbo. Tumesikia kuna kipimo cha DPYD. Uvimbe wake ulikwisha pimwa jeni, si inatosha?

JIBU: Haitoshi. Kipimo cha uvimbe husoma mabadiliko yaliyotokea ndani ya saratani, ili kujua dawa gani itaipiga. DPYD husomwa kwenye damu ya kawaida, ili kujua mwili wa mama utaiondoa vipi dawa. Ni maswali mawili tofauti. Kapesitabini na 5-FU, dawa nyingine ya saratani ya jamii hiyo, huvunjwa na kimeng'enya cha DPYD. Kati ya watu wa asili ya Ulaya, hadi asilimia 9 wana upungufu wa kiasi. Wasio nacho kabisa ni wachache, lakini kwao dozi ya kawaida inaweza kuua. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2020 kwamba wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza.

Mwenye nakala moja dhaifu kwa kawaida huanzishwa nusu ya dozi, kisha huongezwa akivumilia. Asiye nacho kabisa hupewa dawa nyingine. Vipimo vingi hutafuta mabadiliko manne yanayojulikana zaidi Ulaya, na kuna jingine, c.557A>G, linalopatikana kwa watu wa asili ya Afrika ambalo vipimo hivyo huliacha. Ulizeni kama limo. Kipimo kikiwa hakipatikani, au kikisema mzima, bado mfuatilieni mama siku za mwanzo: vidonda vingi mdomoni, kuhara kusikokoma au homa vikitokea mapema, aache vidonge na aende hospitali siku hiyohiyo. Ipo dawa ya kuokoa, uridini triasetati, lakini inapaswa kutolewa ndani ya saa 96 baada ya dozi ya mwisho.

SWALI: Natumia warfarini mwaka wa pili, INR yangu (kipimo cha muda wa damu kuganda) iko 2 hadi 3. Nipime jeni?

JIBU: Hapana. Jeni husaidia kukisia dozi ya kuanzia. Wewe dozi yako imekwisha patikana, na INR inaeleza zaidi ya jeni yoyote. Pesa hiyo itumie kupima INR kwa wakati, hasa ukianzishiwa antibiotiki.

SWALI: Nilipandikizwa uboho, na rafiki yangu alipandikizwa ini. Vyeti vyetu vya jeni vya zamani bado ni halali?

JIBU: Vyote viwili vinahitaji maelezo. Cha kwako cha kabla ya upandikizaji bado kinaeleza ini lako, kihifadhi. Ukipima upya kwa damu, utapata vinasaba vya aliyekuchangia, na hata mate huwa na chembe nyeupe za damu yake, kwa hiyo jibu litachanganyika. Iambie maabara kabla haijachukua sampuli. Kwa rafiki yako ni kinyume: damu yake ni ileile, ila ini linalovunja dawa ni la mtu mwingine, na vimeng'enya vya ini hilo vinafuata jeni za aliyelitoa. Cheti chake cha CYP2D6 au CYP2B6 kiandikwe wazi "kabla ya kupandikizwa ini", daktari asije akapanga dozi kwa ini ambalo halipo tena.